Mjomba, mwanangu anataka kuhama timu

Shikamoo mjomba,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu na naona wengi wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi. Langu ni la mpira. Mke wangu alilicheka mwanzoni, siku hizi hata yeye hacheki tena.

Timu yangu naishabikia tangu nikiwa darasa la nne, na sasa nina miaka 38. Sitaitaja, maana ukiitaja tu watu wanaanza utani badala ya kusikiliza. Niseme ni timu kubwa, au ilikuwa kubwa. Makombe yamejaa kabatini, ila la mwisho liliingia kabla mwanangu hajazaliwa, na mwanangu ana miaka tisa.

Ninavyoandika tuko nafasi ya 16. Katika mechi kumi na moja zilizopita tumeshinda moja, na hiyo moja beki wao ndiye aliyejifunga. Kocha tuliye naye ni wa nne ndani ya misimu mitano. Wa kwanza alitaka pasi fupi kuanzia kwa kipa, akanunuliwa mabeki wanaojua kupiga pasi lakini kukaba hawajui. Wa pili alitaka mabeki watatu nyuma, akaletewa wingbeki wawili, mabeki wa pembeni wa kupanda na kushuka, ambao leo hawana pa kucheza. Wa tatu alikuwa mtu wa mashambulizi ya kushtukiza, akaomba mawinga wenye mbio. Huyu wa sasa anataka tukabe kuanzia kwenye lango lao, na timu inayotakiwa kukimbia hivyo ina beki wa kushoto wa miaka 34 ambaye ikifika dakika ya 60 anashika kiuno kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi.

Nikihesabu kikosi napata namba kumi, viungo washambuliaji, watatu. Watatu, mjomba! Namba sita wa kweli, kiungo mkabaji, hakuna hata mmoja. Tulikuwa naye, akauzwa zikiwa zimebaki siku nne dirisha la usajili lifungwe, na aliyetakiwa kuziba pengo akafeli vipimo vya afya. Tangu hapo pale katikati anachezeshwa beki, na kila timu imeshajua kwamba mpira ukitupotea njia ni nyeupe mpaka kwa kipa. Kisha usiku wa mwisho wa usajili, wakati kila mtu anasubiri kiungo, wakatangaza winga. Winga wa tano! Fedha waliyomlipia naona haya kuitamka. Ana mabao mawili mpaka leo. Garasa. Na bado ana miaka minne ya mkataba, na mshahara unaompita nahodha.

Viongozi kazi yao ni kutoa taarifa. Tukifungwa tatu mfululizo inatoka taarifa yenye neno "mradi" mara tatu, kama vile zinahesabiwa. Mkurugenzi wa michezo aliyewasajili wote hao yupo palepale jukwaani, na kamera ikimpata anachezea simu. Makocha wanafukuzwa, yeye ndiye anayekabidhiwa kutafuta mwingine.

Sasa lililonifanya niandike. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaongoza 2-1 hadi dakika ya 84. Mimi na kijana wangu tuko kwenye kochi, wote tumevaa jezi, yake nilimnunulia mwenyewe siku ya kuzaliwa. Kocha akamtoa straika, akaingiza beki wa kati wa nne. Nikasema kwa sauti, "Tumekwisha." Kona ya kwanza, wamesawazisha. Dakika ya 92 kona nyingine, kipa wetu ametoka, karuka, kashika hewa. Tatu.

Mtoto hakulia. Alisimama, akaivua jezi, akaikunja vizuri kama sare ya shule, akaiweka kwenye mkono wa kochi. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, naruhusiwa kuhama?" Kumbe shuleni wanamzomea kila Jumatatu. Ametaja na timu anayoitaka, ndiyo inayoongoza ligi.

Nilimfokea, mjomba. Nilimwita msaliti. Mtoto wa miaka tisa. Mama yake akanyamaza, akachukua rimoti, akazima televisheni, na tangu siku hiyo nyumba ina ubaridi.

Nakuuliza mambo matatu. Nakosea wapi nikitaka kocha huyu atimuliwe na magarasa yote yauzwe? Je, niache mpira kabisa, maana hasira zangu zinaishia kwa familia? Na huyu mtoto nimruhusu?

Wako,
Shabiki Aliyechoka

*

Marhaba mpwa wangu,

Sitacheka. Kuna msimu mmoja sikuongea na kaka yangu wiki mbili kwa sababu ya penati ambayo hakupiga yeye wala mimi.

Nitaanza na kocha, kwa sababu hapo ndipo umekosea zaidi. Lile badiliko la dakika ya 84 lilikuwa la uoga, sina ubishi. Lakini uandishi wako mwenyewe unamtetea. Umenieleza makocha wanne, na kila mmoja umemtambulisha kwa wachezaji aliowaacha nyuma yake. Wewe unakiita kikosi. Mimi nikisoma naona robo za timu nne tofauti zimeshonwa pamoja. Wenye pasi wa yule wa kwanza wanasimama nyuma ya wenye mbio wa yule wa tatu, halafu wote wanaambiwa wakabe juu. Mlete kocha yeyote unayemtaka, atawakuta haohao, ataomba wanne wa kwake, na baada ya miezi kumi na minne utaniandikia barua hii tena ikiwa na robo ya tano.

Najua utaniambia kocha mpya huleta nguvu mpya. Kuna mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyelichunguza hilo katika ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Alichukua timu zilizofukuza kocha baada ya matokeo mabaya, akaziweka kando ya timu zilizoboronga vilevile lakini zikabaki na kocha wao. Zote ziliinuka, na kwa kiasi kinachokaribiana. Ukishafika chini kabisa, mara nyingi njia iliyobaki ni ya juu, awe kocha mpya au wa zamani. Wewe mwenyewe umeshaionja ile furaha ya mechi tano za kwanza za kocha mpya mara nne ndani ya misimu mitano. Imekufikisha nafasi ya 16.

Agosti 2021 Arsenal walicheza mechi tatu za mwanzo wa ligi wakafungwa zote. Mabao tisa, na wao hawakupata hata la kufutia machozi. Walikuwa mkiani, na misimu miwili kabla ya hapo walikuwa wamemaliza nafasi ya nane. Mashabiki waliandika kuhusu kocha wao, Mikel Arteta, maneno yaleyale unayoandika wewe. Uongozi ulimwacha. Ila usiishie hapo, kwa sababu watu husimulia habari ya uvumilivu kisha wanasahau iliyokwenda nayo. Dirisha hilohilo walisajili wachezaji sita, na hakuna hata mmoja aliyezidi miaka 23. Kiungo wao nyota Mesut Özil alikuwa ameshaachiwa Januari mwaka huo. Straika wao Pierre-Emerick Aubameyang alivuliwa unahodha Desemba, na Februari 2022 akaondoka bure ingawa mkataba wake ulikuwa unaendelea. Walimeza hasara kwa majina makubwa. Kisha wakamaliza wa pili misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2022/23. Kocha angevumiliwa tu bila hayo mengine, angekuwa amecheleweshwa tu kufukuzwa.

Upande wa pili wapo Manchester United. Tangu kocha wao Alex Ferguson astaafu 2013 wamebadilisha makocha tena na tena, na kila mmoja alikuja na orodha yake ya usajili. Msimu wa 2024/25 walimaliza wa 15, na fedha haikuwahi kuwa shida yao.

Sasa magarasa yako. "Wauzwe wote" ni rahisi kusema ukiwa kwenye kochi. Chukua huyo winga. Tuseme alinunuliwa kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano. Katika vitabu vya klabu hiyo 50 haiandikwi siku moja, inagawanywa, milioni kumi kila mwaka. Amemaliza mwaka mmoja, kwa hiyo vitabuni bado ana thamani ya 40. Akitokea mtu mwenye 15, wewe utasema afadhali kuliko kukosa. Mhasibu anaona shimo la milioni 25 mwaka huuhuu, na ligi nyingi siku hizi zina kanuni za matumizi zinazoadhibu mashimo ya namna hiyo. Akikaa miaka mingine miwili shimo linapungua. Ndiyo maana unamwona benchi kila wiki na hauzwi. Kumtoa kwa mkopo nje ya nchi nako kuna kikomo. Tangu Julai 2024 kanuni za FIFA haziruhusu klabu kuwa na zaidi ya wachezaji sita iliowatoa hivyo kwa wakati mmoja, ukiacha baadhi ya vijana. Kumvunjia mkataba kwa nguvu katikati ya msimu pia hairuhusiwi. Na yeye mwenyewe kwa nini aondoke? Mshahara ule hakuna mwingine wa kumpa. Wewe usingeondoka, mpwa wangu, na mimi nisingeondoka.

Kwa hiyo garasa haliuzwi, linazuiwa mlangoni. Na hapo ndipo ninakubaliana nawe, tena kuliko unavyofikiri.

Sehemu ya barua yako iliyonikaa ni ya namba sita, siku nne kabla ya dirisha kufungwa. Linganisha na Brighton ya Uingereza. Juni 2022 walimuuza Yves Bissouma, kiungo wao mkabaji, kwenda Tottenham. Mrithi hawakuanza kumtafuta Juni. Moisés Caicedo walikuwa wameshamsajili kutoka Ecuador tangu Februari 2021, akiwa na miaka 19, wakati Bissouma bado anacheza kila wiki. Septemba hiyo wakampoteza na kocha, Graham Potter, aliyechukuliwa na Chelsea. Wakamaliza msimu nafasi ya sita, ya juu kuliko zote katika historia yao. Kocha kaondoka, namba sita kaondoka, na mtoto wa shabiki wa Brighton hakuvua jezi.

Tofauti yenu na wao si fedha, maana mnayo mpaka mnaona haya kuitamka. Wao kuna mtu aliyeamua kwanza timu itacheza vipi, ndipo wakatafuta kocha wa mpira huo na wachezaji wa mpira huo, na mtu huyo haanzi upya kila kocha akiondoka. Kwenu kocha ndiye anayekuja na mpira wake begani, anapewa manunuzi, kisha anaondoka na anayaacha. Anayetia sahihi kwenye manunuzi hayo ni mmoja, yuko jukwaani, anachezea simu. Ukitaka kupiga kelele, elekeza huko. Tena acha "mtimueni huyu" za jumla, uliza swali lenye jibu: nani aliidhinisha namba sita auzwe kabla mrithi hajapimwa afya? Februari 2016 mashabiki wa Liverpool hawakulalamika juu ya kila kitu. Walichukua bei moja, tiketi ya pauni 77, na dakika ya 77 maelfu wakainuka wakatoka uwanjani. Siku chache baadaye wamiliki waliifuta bei hiyo.

Sikufichi pia kwamba timu yako inaweza kushuka. Ukubwa haumzuii mtu. Hamburg walicheza ligi kuu ya Ujerumani tangu ilipoanza 1963 bila kukosa msimu hata mmoja, wakaweka na saa kubwa uwanjani inayohesabu. Mwaka 2014 waliponea kwenye mechi za mchujo za kuwania kubaki ligi kuu. Mwaka 2015 wakaponea tena kwa mchujo. Ungedhani wangeshtuka. Mei 2018 wakashuka, saa ikiwa kwenye miaka 54 na siku 261, na kurudi kuliwachukua misimu saba. Mimi miaka hiyo miwili ya kuponea naiona mibaya kuliko ya kushuka, kwa sababu uongozi ukiokolewa dakika ya mwisho hujiona ulikuwa na mpango. Nyie msimu huu mkiponea, angalia Juni watafanya nini. Wakianza na namba sita, wakamnunua mapema na akiwa kijana, kuna aliyezinduka. Wakianza na winga wa sita, zima simu.

Kuhusu kuacha mpira: huwezi, na usiniahidi mimi wala mkeo kitu ambacho Jumamosi utakivunja. Unachoweza ni kuacha yanayozunguka mechi. Barua yako inanionyesha mtu anayejua hadi aliyefeli vipimo vya afya. Hiyo si habari ya dakika tisini, hiyo umeisoma usiku, pamoja na uchambuzi, pamoja na majibizano na watu usiowajua. Mpira ukiisha, zima mwenyewe, usingoje mkeo achukue rimoti. Wiki nne tu, halafu uone. Mkeo naye usimweleze habari za kona na kipa. Hakukasirikia matokeo.

Tumekuja kwa mtoto, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Umesema timu hiyo uliichagua ukiwa darasa la nne. Darasa la nne mtu ana miaka tisa, kumi. Na kwa hesabu ya umri wako, miaka hiyo makombe yalikuwa bado yanaingia kabatini. Mpwa wangu, wewe hukuchagua timu ya nafasi ya 16. Ulichagua iliyokuwa inashinda, kama anavyotaka kufanya yeye, na nadhani hakuna aliyekuita msaliti. Hata ruhusa hukuomba. Yeye ameomba, kwa adabu, baada ya kukunja jezi aliyopewa na baba yake ili isichafuke. Mtoto anayefanya hivyo hakimbii timu. Anakimbia Jumatatu shuleni, na alikuwa anakupa wewe nafasi ya kumzuia vizuri.

Kwa hiyo muombe radhi, leo, kabla ya mechi nyingine, na usiseme "lakini". Kisha mwambie ndiyo, anaruhusiwa. Anaweza kuhama na asirudi, nawe utazoea. Anaweza kurudi baada ya mwezi kwa sababu kushangilia timu ambayo baba haangalii kunachosha. Au atakuwa na mbili, kama watoto wengi, na ile ya pili atajifanya haimuumi. Muulize pia wanamzomea vipi huko shuleni, maana hilo umelipita kwa sentensi moja wakati winga wako umempa sita.

Umpe na hadithi moja akitaka kusikiliza. Msimu wa 2024/25 Tottenham walifungwa mechi 22 za ligi, wakamaliza wa 17. Mei ileile wakabeba Europa League, kombe la klabu za Ulaya, kwa kuwafunga hao hao Manchester United bao moja. Siku 16 baadaye kocha aliyewapa kombe akafukuzwa. Muulize yeye angefanyaje angekuwa bosi. Watoto wa miaka tisa hujibu swali kama hilo vizuri kuliko bodi nyingi ninazozijua.

Ile jezi iache hapohapo kwenye mkono wa kochi. Usimvalishe kwa nguvu, usiifungie kabatini kwa hasira. Jumamosi kaa upande wako, yeye avae anachotaka, na beki wako wa miaka 34 akishika kiuno dakika ya 60 mwonee huruma kidogo, hakujipanga mwenyewe.

Dirisha likifungwa niandikie, uniambie kama namba sita amekuja.

Mjomba wako